Wema Hutoka Wapi? Mila, Dini na Sheria katika Kitui na Makueni

Juma hili twapenda kuzungumza juu ya swali ambalo husikika kila mahali katika nchi ya Kitui na Makueni: barazani kwa chifu, nje ya kanisa baada ya ibada, msikitini, na penye foleni ya maji. Swali lenyewe ni hili: mtu hujuaje lililo jema na lililo ovu, na ni nani mwenye haki ya kumfundisha?

Majibu ni mengi, lakini kwa kawaida huwa ya namna tatu. Wa kwanza husema kwamba wema ulikufa siku ile vijana walipoacha kuketi thome pamoja na baba zao, na kwamba dawa ni kuirudia mila. Wa pili husema kwamba pasipo dini hapana wema, na kwamba asiyemcha Mungu hafai kuaminiwa hata na mbuzi mmoja. Wa tatu, ambaye mara nyingi amesoma zaidi, husema kwamba mila imepitwa na wakati, dini ni siri ya mtu na moyo wake, na sheria za nchi zatosha. Kila mmoja wao ameshika sehemu ya kweli. Lakini yatupasa kuchungua mambo yaliyotokea katika nchi hii yenyewe, tuone kama njia moja peke yake imewahi kutosha.

SHERIA YA THOME

Kabla ya kuja kwa serikali na misheni, Mkamba hakuwa na kitabu cha sheria wala nyumba ya ibada, lakini hakuishi ovyo. Nje ya boma palikuwa na thome, mahali pa wazi penye moto, ambapo wanaume waliketi jioni. Hapo mvulana alisikia tangu utotoni mashauri ya mipaka, ya mahari na ya madeni. Msichana naye alifunzwa na mama na nyanya yake jikoni na shambani. Mashauri makubwa yalipelekwa mbele ya nzama, yaani baraza la wazee, nao wakasikiliza pande zote mbili kwa subira.

Pale ushahidi ulipokosekana, wazee waliweza kuamuru kiapo cha kithitu. Aliyeapa uongo juu ya kithitu aliaminiwa kwamba atapatwa na mauti, tena si yeye peke yake, bali na watu wa nyumba yake. Tafadhali msomaji, itazame busara iliyomo ndani ya jambo hilo. Kwa kuwa uongo wa mtu mmoja uliweza kuwaangamiza ndugu zake, ndugu hao walikuwa na sababu kubwa ya kumwuliza kwa ukali kabla hajaapa: je, ng'ombe huyo ni wako kweli? Hivyo mtu hakubaki peke yake na dhamiri yake. Jamaa yote ilimsaidia kusema kweli.

Palikuwapo pia kiumo, yaani laana ya mzazi, ambayo iliwazuia watoto kuuza ardhi waliyokatazwa au kumtupa mama mzee. Palikuwapo ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa, ambapo watu walitoa sadaka na kuomba mvua, wala hapana mtu aliyethubutu kuikata miti hiyo. Na palikuwapo mwethya, ambapo majirani walikusanyika kulima shamba la mwenzao au kumjengea nyumba, bila ya malipo ila chakula, kila mmoja akijua kwamba zamu yake itafika.

Je, mambo hayo yalikuwa ya dini au ya dunia? Yatupasa kujibu kwamba yalikuwa yote mawili kwa pamoja. Wakamba walimjua Mulungu, ambaye pia humwita Ngai, kuwa ndiye Muumba. Lakini Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Sweden aliyekaa Ukambani miaka ya 1911 na 1912, alieleza kwamba Muumba huyo alionekana kuwa mbali, na kwamba waliokumbukwa zaidi katika maisha ya kila siku walikuwa aimu, yaani roho za wazee waliokufa. Mtu alitenda haki kwa kuwaogopa aimu, na kwa kuwaonea haya majirani. Hakutenganisha hofu hizo mbili.

MWAKA 1931 NA KESI YA KINGOLE

Basi wale wasemao turudi kwa mila wana hoja nzuri. Lakini wasisahau jambo moja, ambalo lazima tulieleze hapa bila ya kulipamba.

Katika mila ya zamani palikuwa na desturi iliyoitwa kingole. Mtu aliyekuwa mwizi asiyeonyeka, au aliyedhaniwa kuwa mchawi, aliweza kuuawa na watu wote kwa pamoja, baada ya wazee kukubali na jamaa zake wa karibu kutoa idhini. Kwa kuwa wote walishiriki, hapakuwa na mmoja wa kudaiwa damu. Mwishoni mwa mwaka 1931, katika Ukambani, mke wa mtu mmoja aitwaye Kumwaka aliugua. Mwanamke jirani, Mwaiki, alishtakiwa kwamba ndiye aliyemroga. Kundi la wanaume likampiga mpaka akafa.

Serikali iliwashtaki watu 70. Hawakuyaficha waliyoyatenda, kwao ilikuwa ni kutimiza sheria ya baba zao. Mwaka 1932 mahakama ikawahukumu 60 kati yao kunyongwa. Baadaye adhabu hiyo ilibadilishwa ikawa kifungo. Habari za kesi zilifika mpaka Uingereza, na watu wakabishana sana: je, hawa ni wauaji, au ni watu waliotii sheria yao?

Wengi wa watu wale hawakuwa waovu kwa tabia. Yumkini walikuwa baba wema, wenye kulipa madeni na kuja kwenye mwethya. Walitii dhamiri zao, na dhamiri ikawapeleka penye damu. Kumbe dhamiri peke yake haitoshi, hata ikiwa ni ya watu wengi pamoja. Mwaiki hakuwa na mtetezi, wala hapakuwa na ushahidi wa macho. Wengi walikubaliana, na kukubaliana kwa wengi kukachukuliwa kuwa ndiyo haki. Tusijidanganye kwamba hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Hata katika miaka hii, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika sehemu za Kenya, hasa Kilifi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo hukutwa ugomvi wa shamba.

DINI ZILIZOKUJA

Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Wamisheni Walutheri wa Leipzig walianza kazi Ikutha katika miaka ya 1890, kisha Mulango. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa African Inland Mission alifungua kituo chake cha kwanza huko Nzaui, katika Makueni ya leo. Alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi yake iliendelea, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza misheni hiyo ikachukua vituo vya Walutheri. Wakatoliki wa Kitui walipata mamlaka yao ya kanisa mwaka 1956, na baadaye jimbo kamili. Waislamu nao walikuwa wamekwisha kufika katika mji wa Kitui kwa njia ya biashara ya pwani.

Je, dini hizi zilileta nini kipya? Hazikuleta katazo la wizi, kwa maana wizi ulikatazwa tangu zamani. Hazikuleta heshima kwa wazazi, kwa maana ilikuwako. Jambo kubwa lililoletwa ni kumpanua jirani. Katika mila, wajibu ulikuwa na nguvu nyingi ndani ya jamaa, ndani ya mbai, yaani ukoo, na ndani ya utui, yaani mtaa. Kadiri ulivyotoka nje ndivyo ulivyopungua. Ng'ombe wa Mmasai hawakuhesabiwa sawa na ng'ombe wa jirani. Injili ilifundisha kwamba jirani yako ni yule uliyemkuta amejeruhiwa njiani, hata kama ni wa kabila unalolichukia. Uislamu ulifundisha kwamba maskini ana fungu lake katika mali ya tajiri, na fungu hilo ni haki yake wala si fadhili.

Mfano wa jambo hilo upo kando ya barabara ya Mombasa, pale Makindu. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, nyakati ambazo watu wao wengi walikuwa katika kazi ya reli. Hadi leo msafiri yeyote apitaye hupewa chakula bila ya kulipa wala kuulizwa dini yake. Dereva wa lori, mwanafunzi na tajiri huketi pamoja. Mkamba anayejua mwethya anauelewa ukarimu huo mara moja. Tofauti ni kwamba hapa apewaye hatarajiwi kurudisha, kwa kuwa pengine hatapita tena.

Lakini dini nazo zina upande wao wa lawama. Wamisheni wengi wa mwanzo walifundisha kwamba karibu kila kitu cha mila kilikuwa cha Shetani. Vijana walioacha ngoma na sadaka za aimu waliacha pia thome, na wengi hawakupewa mahali pengine pa kusikiliza wazee wakipima haki kwa subira. Tena, wako watu waliojifunza kwamba wema ni kuhudhuria: ahudhuriaye ibada ni mwema, asiyehudhuria ni mbaya. Mtu wa namna hiyo aweza kutoa sadaka Jumapili kwa fedha alizozipunguza Jumamosi katika mshahara wa mchungaji wake wa ng'ombe. Manabii na mitume wa dini zenyewe walimkemea mtu huyo kwa ukali kuliko tunavyoweza sisi kumkemea katika gazeti.

SHERIA YA NCHI

Yule wa tatu asemaye sheria zatosha naye yafaa asikie habari za mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliona kwamba mifugo ilikuwa mingi mno katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, na kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Ikaamuru ng'ombe wauzwe kwa nguvu. Wakamba walisema kwamba mifugo ndiyo akiba yao, mahari yao na chakula cha watoto. Mwezi Julai mwaka huo, Muindi Mbingu aliongoza wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu mpaka Nairobi, nao wakakaa huko majuma kadhaa bila ya fujo, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini serikali ililazimika kuacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Basi mwaka 1938 sheria ilikuwa upande mmoja na haki, kwa sehemu kubwa, ilikuwa upande mwingine. Sababu ya serikali, yaani kuokoa udongo, haikuwa mbaya. Njia ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa kuwa wenye mali hawakuulizwa. Kazi ya matuta nayo ilionyesha jambo hilo hilo. Watu walipolazimishwa kuchimba matuta waliichukia kazi hiyo. Katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipopata kuchagua viongozi wao na namna ya matuta wanayoyataka, kazi ilisonga mbele, na hatimaye vilima vingi vilivyokuwa vitupu vikafunikwa na mashamba. Udongo ulikuwa ule ule na jembe lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu waliikubali kazi hiyo kuwa njema.

Sheria za Kenya za leo zimejifunza kitu katika hayo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya serikali, na katika kifungu cha 32 yalinda uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 10 chataja tunu za taifa, miongoni mwake utu, usawa, haki ya kijamii, uadilifu na uwajibikaji. Sura ya Sita yote ni juu ya uadilifu wa viongozi. Kifungu cha 159 chazitaka mahakama zikuze njia za kupatanisha watu, pamoja na njia za kimila, ila kwa sharti kwamba njia hizo zisivunje haki za binadamu. Kwa maneno mengine, nzama yaruhusiwa kurudi, lakini kingole haiwezi kurudi.

Na mahakamani kwenyewe, Mkristo huapa kwa Biblia, Mwislamu huapa kwa Kurani, na yule asiye na dini, au ambaye dini yake humkataza kuapa, huruhusiwa kutoa tamko rasmi kwamba atasema kweli. Akisema uongo baada ya tamko hilo, adhabu yake ni sawa na ya aliyeapa. Hivyo sheria haimwulizi shahidi ni nini kinachomfanya aogope uongo; yataka tu aseme kweli.

SWALI LA ZAMANI

Wengine watasema: haya yote ni mifano, lakini bado hamjajibu wema hutoka wapi. Ni kweli. Swali hili ni la zamani sana. Mwanafalsafa wa Kigiriki Plato alimweka mwalimu wake Socrates katika mazungumzo akiuliza, kwa ufupi: je, jambo ni jema kwa sababu miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa sababu ni jema? Wanazuoni wa Kiislamu walibishana juu ya jambo lililo karibu na hilo karne nyingi zilizopita, wengine wakishikilia kwamba akili ya mwanadamu yaweza kuujua wema, wengine kwamba wema hujulikana kwa ufunuo. Na Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, aliandika kwamba hata watu wasioipokea torati huonyesha kwa matendo yao kwamba sheria imeandikwa mioyoni mwao.

Karibu na kwetu zaidi, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alikuwa kasisi na mtaalamu wa dini. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, alieleza kwamba kwa Mwafrika dini imeingia katika maisha yote, na kwamba mtu hujijua kuwa mtu kwa sababu ya wenzake. Mwenzake wa Ghana, Profesa Kwasi Wiredu, naye mzaliwa wa mwaka 1931, aliyefariki mwaka 2022, alishikilia kwamba maadili ya Waakan hayakujengwa juu ya amri za Mungu, bali juu ya manufaa ya binadamu na kujiweka mahali pa mwenzako. Wawili hao hawakukubaliana juu ya chanzo. Lakini ukiyatazama maneno yao utaona kwamba wote wawili walimweka mwenzako katikati ya jambo lenyewe.

Gazeti haliwezi kumaliza ubishi ambao umewashinda wataalamu. Lakini mkulima haachi kunywa maji kwa sababu wazee hawajakubaliana chemchemi iko upande gani wa kilima. La lazima kwake ni kuyajua maji safi na maji machafu.

MCHANGA WA MTO

Basi tuchukue jambo moja lililo mbele ya macho yetu, tulipime. Mito mingi ya kwetu, kama Tiva, Thua na Nzeeu katika Kitui, na Kaiti na Thwake katika Makueni, kwa sehemu kubwa ya mwaka huonekana kuwa mchanga mtupu. Lakini mchanga huo ndio tangi letu. Maji ya mvua hujificha ndani yake yasinyonywe na jua, na wanawake hufukua wakayapata miezi mingi baada ya mvua. Kwa elimu hiyo watu wamejenga kuta za saruji kukatiza mito ili mchanga ujae nyuma yake; shirika la SASOL peke yake limesaidia wananchi wa Kitui kujenga mabwawa ya namna hiyo kwa mamia tangu miaka ya 1990.

Mchanga huo huo wahitajiwa na wajenzi wa mijini. Lori likija usiku, kijana asiye na kazi hupata fedha za kupakia, mwenye shamba la ukingoni hupata fedha za njia, na mtu wa tatu huenda akapata fedha za kunyamaza. Mchanga ukiisha, mto hubaki mwamba, na mama aliye chini ya mto hutembea mwendo mrefu zaidi kutafuta maji. Serikali ya kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ile ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya kupeleka mchanga na makaa nje mwaka 2018.

Sasa tusikilize sauti zote. Sheria yasema: una kibali? Hilo ni swali jema, lakini sheria haiko mtoni usiku wa manane, na kibali nacho chaweza kununuliwa. Dini yasema: Mungu akuona, na maji ya mjane na yatima unayachukua wewe. Hilo ni neno zito kwa amwaminiye Mungu, lakini yeye asiyemwamini halimzuii, na hata aaminiye huweza kujiambia kwamba atatubu. Mila yasema: mto ni wa utui wote, nawe utawatazamaje watu machoni? Hilo lina nguvu pale majirani wanapojuana, lakini mwenye lori hatoki katika utui huo, wala haoni haya mbele ya watu asiowajua.

Mwaona basi kwamba kila sauti ina mahali inapofika na mahali inapokoma. Pale sheria isipokuwepo, haya ya majirani huweza kuwepo. Pale majirani wamelala, hofu ya Mungu huweza kuwa macho. Na pale majirani wenyewe wamekosea, kama walivyokosea juu ya Mwaiki, sheria yenye kusikiliza ushahidi ndiyo iwezayo kumwokoa mnyonge. Mwenye kuzitupa mbili akabaki na moja amejipunguzia ulinzi.

Vipi kuhusu yule kijana apakiaye lori? Si haki kumhubiria juu ya mjane na huku tukimwacha na njaa. Wazee wa Ukambani wanaikumbuka njaa ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikwa Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu fedha zilikuwa mkononi na chakula cha kununua hakikupatikana. Jina hilo limfundishe kijana kwamba fedha za mchanga hazinyweki. Lakini limfundishe pia mwenye ghala, mwenye shamba na mwenye cheo kwamba ni juu yao kumpatia kazi nyingine, kwa maana asiye na njia nyingine ya kula hana uhuru mwingi wa kuchagua.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa hiyo, msomaji mwema, utakapokuwa katika shaka juu ya jambo, uwe ni karani mwenye muhuri, mkulima mwenye jirani, au mweka hazina wa kikundi, yafaa ujiulize maswali haya.

Kwanza, je, ningeweza kulitenda jambo hili mchana, mbele ya watu wote wa mtaa wangu, na kulieleza kwa sauti? Mweka hazina asiyetaka daftari lake lisomwe mkutanoni amekwisha kulijibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, je, ningelikubali kama mimi ndiye niliye chini ya mto? Swali hili limo katika mafundisho ya Wakristo, ya Waislamu, ya Masingasinga na ya wazee wetu, na hata asiye na dini hulikubali akilisikia.

Tatu, je, yule atakayeumia amesikilizwa? Hili ndilo swali ambalo halikuulizwa mwaka 1931, wala halikuulizwa na waliotoa amri ya ng'ombe mwaka 1938. Wa kwanza walikuwa wanavijiji, wa pili walikuwa maofisa wenye elimu. Kosa lilikuwa moja.

Maswali hayo hayaondoi mila, dini wala sheria. Mwenye kusali na asali, kwa kuwa atapata huko nguvu ya kutenda analolijua, na kulijua jambo bila ya nguvu ya kulitenda ni mzigo. Mwenye kushika mila na aishike, akiitenga na ile sehemu yenye kumwonea mnyonge. Na asiye na dini asidharauliwe maadamu neno lake ni kweli na mkono wake ni safi.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo una waalimu wengi wasiomjua mtoto wako kwa jina. Moto wa thome umezimika katika maboma mengi, nasi hatudhani kwamba utawashwa tena kama zamani, maana baba yuko Nairobi kazini na mtoto yuko shuleni. Lakini kila nyumba ina saa moja ya jioni ambapo watu hula pamoja. Katika saa hiyo, mtoto na asikie wazazi wake wakizungumza juu ya jambo la haki lililotokea mtaani: mpaka uliosogezwa, mahindi ya msaada yaliyopungua, mchanga uliochukuliwa. Na aulizwe yeye angeamua nini, kisha aulizwe yule aliyeumia angesema nini.